Nyumba inayoishi kwa bando

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, Mombasa na Kigoma, intaneti ya nyumbani huondoka asubuhi na mwenye simu. Mama au baba akitoka kwenda kazini, mtandao umetoka naye, na akirudi jioni watoto humpa shikamoo na kumwomba hotspoti kwa pumzi moja. Ukutani ipo televisheni inayotaka kuunganishwa, mezani ipo kompyuta mpakato ya binti anayesoma chuo, na vyote vimekaa kutwa vikisubiri laini moja iliyo mfukoni mwa mtu mmoja. Nyumba zenye uwezo kidogo zaidi zina ruta ya laini inayobaki sebuleni. Hata hiyo hula bando lilelile, kutoka mnara uleule.

Swali linaloulizwa kila mara kuhusu maisha haya ni la kasi: je, 4G au 5G inaweza kufanya kazi ya faiba? Ni swali la haki na lina jibu, lakini naamini linatupeleka pembeni. Katika sehemu kubwa ya miji yetu, mtandao wa simu unapokuwa mzima una kasi ya kuitosha familia ya watu watano. Nyumba hujiona haina intaneti, hata ikiwa na GB 3 kwenye laini, kwa sababu ya namna inavyouziwa: kwa kipimo, kwa muda, na kwa mtu. Mahitaji ya nyumba nzima yananunuliwa kwa masharti yaliyotungwa kwa ajili ya simu ya mtu mmoja aliye njiani. Kidonda kiko hapo.

Historia yake ni fupi. Ulaya na Marekani, simu ya mkononi ilikuta waya wa shaba umekwisha kuingia majumbani. Intaneti ilipokuja ikapita kwenye waya huo, na mtandao wa simu ukawa wa kutumia barabarani. Kwetu simu za mezani zilifika kwenye ofisi, hoteli na nyumba chache za wenye vyeo au biashara, kisha zikasimama. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulipoanza kazi Julai 2009 ukiziunganisha Dar es Salaam na Mombasa na dunia, TEAMS ukatua Mombasa mwaka huohuo, na EASSy ukafuata 2010, pwani yetu ilipata uwezo mkubwa wa intaneti ambao haukuwa na mlango wa kuingilia majumbani. Tanzania ikajenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano kuelekea mikoani na mipakani. Kipande cha mwisho, kutoka barabara kuu hadi sebuleni, kikaachiwa minara. Kampuni za simu zilikuwa na minara tayari, na wauza vocha kila kona, na wateja waliozoea kulipa kabla ya kutumia. Zikaja modemu za kuchomeka kwenye kompyuta, zikafuata ruta za mfukoni, halafu simu zenyewe zikaweza kurusha waifai. Hakuna kikao kilichoamua kwamba familia za Afrika Mashariki zitumie mtandao wa simu kuwa intaneti yao kuu. Ilikuwa hivyo kwa kuwa hakukuwa na kingine.

Sasa hiyo kasi. Mnara wa simu kwa kawaida hugawa eneo lake pande tatu, na kila upande una fungu lake la masafa. Upande wa 4G wenye upana wa megahezi 20 unaweza, kwa hesabu za karatasi, kumpa mwenye ruta ya kawaida megabiti 150 kwa sekunde. Hesabu hiyo humchukulia mteja kuwa yuko peke yake, karibu na mnara, bila ukuta katikati. Wakiingia wengi, jumla yenyewe hupungua, kwa sababu mnara hutumia muda mrefu zaidi kumfikishia data aliye mbali au aliye ndani ya jengo kuliko aliyesimama uwanjani mbele yake. Kisha kilichobaki ndicho kinachogawanywa. Video ya ubora wa kawaida inataka megabiti moja hadi mbili kwa sekunde mfululizo. Nyumba 50 zikiwasha video kwa pamoja, mahitaji ni megabiti 50 hadi 100, na bado hatujawahesabu walio kwenye daladala wakipita na simu zao.

Ndiyo maana ruta ileile hukimbia saa nane usiku na kujikokota saa tatu usiku, watu wakiwa wamerudi nyumbani wote. Mteja hudhani imeharibika, akanunua nyingine, ya bei kubwa zaidi, na ikajikokota vilevile. Faiba nayo hugawanywa, na muuzaji asiyejali anaweza kuwarundika wateja kwenye njia moja. Tofauti ni kwamba faiba ikizidiwa hubadilishwa mitambo kwenye ncha za waya uleule. Masafa ya redio yana mpaka. Ni mali ya umma, hugawiwa na TCRA, mdhibiti wa mawasiliano, kwa upande wa Tanzania na Mamlaka ya Mawasiliano kwa upande wa Kenya, na kampuni inayotaka kuhudumia mtaa uliojaa lazima ipate masafa mengine au isimamishe mnara mpya katikati ya iliyopo.

Masafa nayo yana tabia zake, na hapa kuna maarifa ambayo wauzaji wa ruta mara nyingi hawampi mteja. Masafa ya chini, ya megahezi 700 na 800, husafiri mbali na kupenya kuta, ila upana wake ni mdogo. Ni kwenye megahezi 700 ambako Jamii Telecommunications ilianzishia huduma yake ya Faiba 4G nchini Kenya Desemba 2017. Masafa ya megahezi 3,500, yanayotumika sana kwa 5G, yana nafasi kubwa ya kubeba data lakini hushindwa mapema na ukuta. Nyumba ya Mji Mkongwe wa Unguja yenye kuta nene za mawe na chokaa, au nyumba ya mabati juu na madirisha madogo, inaweza kuwa hatua chache kutoka mnarani na bado ndani kukawa na mtandao hafifu, kwa kuwa bati huyarudisha mawimbi yalikotoka. Ruta ikitolewa chini ya televisheni ikawekwa dirishani, upande unaoelekea mnara, inaweza kuongeza kasi maradufu bila kulipa senti. Ikiwa mnara uko mbali, antena ya nje juu ya paa hufanya kazi ambayo ruta ghali ya ndani haiwezi. Na mteja asiamini vijistari vya mtandao pekee. Vijistari huonyesha nguvu ya mawimbi, havionyeshi wangapi wanayagombania, wala havionyeshi kelele za minara mingine. Ukurasa wa mipangilio wa ruta nyingi una namba ya SINR inayopima usafi wa mawimbi. Hiyo ikipanda baada ya kuhamisha ruta, mahali pamepatikana.

Kwa hiyo jibu la swali la kasi ni ndiyo yenye masharti: ndiyo pale ambapo mnara haujaelemewa na ruta imewekwa mahali pake. Mahali pengi sharti hilo linatimia mchana, linavunjika jioni.

Lakini twende kwenye bei, maana hapo ndipo nyumba inapotenganishwa na intaneti hata kasi ikiwepo.

Mwaka 2021 TCRA iliweka mipaka ya bei ya data ndani ya kifurushi: MB moja isiuzwe chini ya shilingi 2.03 wala juu ya shilingi 9.35. Kwa MB moja hizo ni senti za kupuuza. Zidisha. GB moja, yaani MB 1,024, inakuwa kati ya shilingi 2,079 na shilingi 9,574. Sasa iwekee nyumba. Netflix yenyewe huwaambia wateja wake kwamba saa moja ya video ya ubora wa kawaida hula takriban GB 1, na ya ubora wa juu hadi GB 3. Familia inayotazama saa moja tu kila jioni, kwa ubora wa kawaida, kwenye skrini moja, imetumia GB 30 kwa mwezi. Kwa kiwango cha chini kabisa hiyo ni zaidi ya shilingi 62,000. Kwa kiwango cha juu ni zaidi ya shilingi 287,000. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma Tanzania kilipandishwa Julai 2025 kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Saa moja ya video kwa siku, kwa bei nafuu kuliko zote zinazoruhusiwa, inachukua fungu moja la nane la mshahara huo, kabla binti hajafungua hotuba hata moja ya chuo na kabla baba hajaingia kwenye kikao.

Dunia imejiwekea kipimo cha unafuu, na kipimo hicho kimetupumbaza kidogo. Kamisheni ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia intaneti ya kasi ililenga kwamba kufikia 2025 huduma ya msingi isizidi asilimia 2 ya wastani wa pato la mtu kwa mwezi. Lengo jema. Ila kwa mtandao wa simu, kifurushi kilichotumika kupima unafuu huo kilikuwa cha GB 2 kwa mwezi. GB 2 ni saa mbili za filamu. Ni kiasi cha mtu anayesoma ujumbe, anayetuma picha chache na kuangalia habari. Nchi inaweza kufaulu mtihani huo, waziri akausimulia bungeni kwa haki kabisa, na bado hakuna nyumba hata moja ya mwalimu wa shule ya msingi inayoweza kuacha ruta ikiwaka kutwa.

Tena wanaolipa zaidi ni wenye kidogo. Anayepata riziki kwa siku hununua bando la siku, kama anavyonunua mafuta ya kupikia ya kupima gengeni, na kwa kila kipimo hulipa zaidi ya yule aliyebeba dumu. Bando lina ubaya wa ziada: mafuta yakibaki hayatoweki usiku wa manane. Data iliyolipiwa hufutika muda ukifika, hata kama nyumba haikuwa na umeme siku nzima. Kwa simu ya mtu mmoja muda mfupi unaeleweka. Kwa nyumba ni sawa na kuambiwa maji yaliyobaki tankini Jumapili yamwagwe.

Malalamiko haya hayakuanza leo. Aprili 2021, vifurushi vipya vilipoingia sokoni Tanzania, watu walilalamika kwa sauti kubwa kiasi kwamba Serikali ilivisitisha. Kutoka kwenye mjadala wa kipindi hicho tulipata kanuni za maana: mteja ajulishwe matumizi yakifika asilimia 75 na yakifika 100, asitozwe nje ya kifurushi bila ridhaa yake, aruhusiwe kumhamishia mwenzake wa mtandao huohuo sehemu ya alichonunua. Hiyo ya kuhamisha nadhani ndiyo iliyokaribia nyumba kuliko zote, kwa sababu inakubali kwamba aliyelipa na anayetumia wanaweza kuwa watu wawili. Hata hivyo kanuni zote zinamlinda mteja mwenye laini. Nyumba, kama kitu chenye mahitaji yake, haipo kwenye kanuni.

Na kodi haioni tofauti. Tanzania hutoza ushuru wa bidhaa kwenye huduma za mawasiliano, juu ya VAT. Kenya ilipandisha ushuru wa simu na data hadi asilimia 20 Julai 2021, ikaurudisha kwenye 15 kwa Sheria ya Fedha ya 2023. Uganda ilianza 2018 na shilingi 200 kwa siku kwa anayetaka kutumia mitandao ya kijamii, kisha Julai 2021 ikaifuta na kuweka asilimia 12 kwenye data yenyewe. Ushuru wa bidhaa ni kodi ambayo serikali huweka kwenye bia na sigara, vitu ambavyo haina haraka viongezeke. Kuuweka kwenye somo la hisabati la mtoto wa darasa la sita ni jambo ambalo sijawahi kusikia likitetewa kwa hoja nyingine zaidi ya kwamba ni rahisi kukusanya.

Mtu akiishi kwa kuhesabu, hubadilika, na nyumba pia hubadilika. Video hutazamwa kwa ubora wa chini hadi maandishi ubaoni hayasomeki. WhatsApp hupangwa isipakue picha yenyewe. Mwanafunzi huamka saa saba usiku kutumia kifurushi cha usiku, kisha husinzia darasani. Kompyuta huambiwa, kwenye mipangilio ya Windows, kwamba mtandao huu unapimwa, ili isijipakulie masasisho makubwa bila ruhusa. Ushauri huo ni mzuri kwa mfuko, na mimi mwenyewe humpa kila anayeniuliza, lakini una gharama isiyoonekana: mashine zisizosasishwa kwa miezi huacha wazi mianya ambayo wezi wa mtandaoni wanaijua. Simu zenye M-Pesa na akaunti za benki ndani yake ziko katika hali hiyohiyo.

Kuna linaloniuma zaidi. Kujifunza mtandaoni kunahitaji kupotea kidogo. Mtoto hufungua video ya namna volkano inavyolipuka, akahamia ya matetemeko, akatoka hapo hadi ya namna nyumba zinavyojengwa Japani. Kwa bando, kila mbofyo una bei, na mama aliyelipia anasikia kila mbofyo. Anauliza, "Hiyo ndiyo uliyotumwa na mwalimu?" Ana haki ya kuuliza, kwa sababu kesho asubuhi anahitaji data ileile kupokea oda za vitenge vyake. Mtoto hujifunza kufungua alichotumwa na kufunga. Mwenzake wa nyumba yenye faiba, Masaki ya Dar es Salaam au Kilimani ya Nairobi, hajui hata kwamba mbofyo una bei. Tofauti hiyo haimo kwenye takwimu za laini ngapi zimesajiliwa wala asilimia ngapi ya nchi imefikiwa na 4G.

Ikiwa ni hivyo, kwa nini watu hawahamii kwenye waya pale ulipofika? Wengi wangependa. Lakini faiba hufungwa ukutani, na ukuta ni wa mwenye nyumba. Mpangaji aliyelipa kodi ya miezi sita hajui mwezi wa saba atakuwa wapi, wala hana hamu ya kumbembeleza baba mwenye nyumba atoboe ukuta wake. Ruta ya laini hubebwa na magodoro siku ya kuhama. Faiba hulipwa kwa mwezi, kwa mkupuo, na kipato cha wengi hakiji kwa mwezi. Kisha barabara ikichimbwa kupanuliwa, waya hukatwa, na mafundi huja wakiweza. Hivi si visingizio vya watu wasioelewa teknolojia. Ni hesabu sahihi ya maisha yao, na kwao mtandao wa simu ni uamuzi wa busara.

Umeme nao unaupa mtandao wa simu alama fulani. Tanzania ilipokuwa na mgawo mkali mwishoni mwa 2023, kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere haujawashwa Februari 2024, nyumba nyingi ziligundua kwamba ruta ndogo yenye betri, au simu tu, huendelea giza likiingia, maana minara mingi ina betri au jenereta. Kifaa cha faiba ukutani huzimika na taa. Hata hivyo kukatika kukiwa kurefu, betri za mnara nazo huisha, na wakati huohuo mtaa mzima umehamia kwenye mnara huo. Kwa fedha kidogo betri ndogo ya akiba ya ruta huondoa tofauti hii, kwa hiyo nisingeipa uzito mkubwa katika uamuzi.

Katika nyumba za kupanga za uswahilini kumezuka njia ambayo inastahili heshima kuliko inavyopewa. Wapangaji wa vyumba vinne au sita huchangishana kila mwezi, wakanunua kifurushi kimoja kikubwa cha ruta au waya mmoja wa faiba, na neno la siri likazunguka ndani ya ua. Nairobi, kampuni ya Poa Internet ilijenga biashara nzima juu ya mitaa ambayo wengine waliiona haina wateja, Kibera na Kawangware, kwa kuuza intaneti ya nyumbani isiyopimwa kwa bei ya chini na malipo madogomadogo. Watu hawa walitambua jambo ambalo sera haijalitambua: kinachotakiwa kugawanywa ni gharama, na kikishalipiwa kisipimwe tena.

Wanaosema kwamba mtandao wa simu hauwezi kamwe kuwa intaneti ya nyumba waitazame Finland. Nchi ile ina watu wachache waliotawanyika kwenye misitu na maziwa, na kuchimbia kila mmoja waya ni gharama kubwa. Julai 2010 ilikuwa ya kwanza duniani kuifanya intaneti ya megabiti 1 kwa sekunde kuwa haki ya kisheria ya kila mkazi. Kampuni zake tatu za simu, Elisa, Telia na DNA, zimeuza kwa miaka mingi vifurushi visivyopimwa kwa GB, ambapo anayelipa zaidi hupata kasi zaidi. Kwa hiyo nyumba nyingi za Kifini huishi kwa ruta ya laini tu bila kuona kwamba zimekosa kitu, na Finland ni miongoni mwa nchi zinazotumia data nyingi zaidi ya simu kwa kila mtu. Redio yao ni ya aina moja na yetu. Kinachotofautiana ni mkataba.

Marekani inafundisha upande mwingine. T-Mobile ilianza kuuza intaneti ya nyumbani ya mtandao wa simu nchi nzima Aprili 2021, na mwisho wa 2024 ilikuwa na wateja zaidi ya milioni 6. Ilifika huko kwa nidhamu moja: huuza kwa anwani. Mteja akitaja anapoishi, kampuni huangalia kama upande ule wa mnara una nafasi iliyobaki, na kama hauna, humwambia asubiri. Msongamano ukitokea, simu hupewa kipaumbele na ruta ya nyumba hupunguziwa kasi, na jambo hilo limeandikwa kwenye masharti. Kwetu ruta huuzwa dukani kwa yeyote mwenye fedha, apeleke popote, na mtaa ukijaa wote hupata hasara sawa. Kampuni zetu zina takwimu za kila mnara. Kumwambia mteja ukweli kabla hajalipa hakuhitaji mtambo mpya.

Safari ya 5G imeanza kubadilisha mambo kidogo. Vodacom iliiwasha Tanzania Septemba 2022, na mwezi uliofuata Safaricom, iliyokuwa ikiijaribu tangu Machi 2021, ikaanza kuiuza Kenya kibiashara pamoja na ruta za nyumbani zinazolipiwa kwa daraja la kasi. Huu ndio mwelekeo sahihi na nausifu bila kusita. Shida ni kwamba 5G iko mijini, mara nyingi kwenye mitaa ileile inayofikiwa na faiba, na kwamba vifurushi vinavyoitwa vya bila kikomo huwa na kikomo ndani yake: ukipita kiasi fulani cha GB, kasi hushushwa hadi mwezi uishe. Sioni ubaya wa kikomo kama kimeandikwa kwa herufi kubwa kama bei ilivyoandikwa.

Wengine wameinua macho angani. Starlink ilifika Kenya Julai 2023, na kwa mwenye shamba Laikipia au kambi ya watalii porini ilikuwa nafuu ya kweli. Lakini Novemba 2024 ilisimamisha wateja wapya Nairobi na kaunti jirani kwa sababu uwezo wake katika eneo hilo ulikuwa umejaa. Satelaiti nazo hugawana masafa, na mji wenye watu wengi huzijaza kama unavyoijaza minara. Kifurushi chake cha bei ya chini Kenya, shilingi 1,300, kilikuwa cha GB 50. Kipimo kimetufuata hadi angani.

Na asiwepo wa kudhani kwamba waya ni kinga. Mei 12, 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipata hitilafu kwa pamoja baharini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa walioumia zaidi. Mwenye faiba na mwenye bando walikwama wote, kwa kuwa nyuma ya mnara na nyuma ya faiba kuna bahari ileile.

Tukirudi kwenye nyumba, hukumu yangu ni hii. Mtu mmoja au wawili wanaosoma, kuwasiliana na kutazama kidogo, hasa wakiwa wapangaji, hawana sababu ya kuhangaika na waya. Ruta ya laini dirishani inawatosha. Nyumba yenye watoto wa shule, au yenye mtu anayefanyia kazi nyumbani na kupandisha mafaili makubwa, au yenye kamera za ulinzi zinazorusha picha saa 24, itaumia kwa bando, na kama faiba imefika mtaani afadhali ichangiwe pamoja na jirani kuliko kuikosa. Kwa kamera kuna kikwazo kingine: laini za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti, kwa hiyo kamera haifikiki moja kwa moja kutoka nje na hulazimika kupitia seva za mtengenezaji, jambo linaloongeza matumizi na kumkabidhi mtu wa mbali picha za ua wako. Kwa vijiji ambako hakutachimbwa waya katika kizazi hiki, mnara ndio kila kitu. Minara 758 ambayo mikataba yake ilisainiwa Dodoma Mei 2023 chini ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ndiyo intaneti ya nyumbani ya watu hao, na ingefaa iuzwe hivyo tangu siku ya kwanza.

Yanayohitajika yako ndani ya uwezo wa mamlaka zilizopo. TCRA na mwenzake wa Kenya wanaweza kutambua kundi jipya la huduma, laini ya nyumba, isiyohama mnara wake, inayolipiwa kwa kasi, na ambayo data yake haifi usiku wa manane. Kwa kuwa haihami, kampuni inaweza kuihesabu katika uwezo wa mnara na kukataa kuiuza palipojaa. Hazina inaweza kuiondolea laini hiyo ushuru wa bidhaa bila kugusa data ya simu za mkononi, na ikaona baada ya mwaka imepoteza kiasi gani. Mamlaka inaweza kutangaza, kata kwa kata, kasi halisi ya saa tatu usiku ya kila kampuni. Na malipo yake yaruhusiwe kugawanywa kwa wiki au kwa siku bila kupandisha bei ya jumla, ili muuza samaki wa Feri alipe anavyopata, huku ruta ikibaki imewashwa sebuleni yeye akiwa kazini.